Tuta la mchanga limekatwa Matema: nijenge ukuta, nipande mivinje au nimwage mchanga?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina kiwanja ufukweni Matema, wilayani Kyela, nimejenga mabanda manne ya wageni. Mbele yake kulikuwa na tuta la mchanga lenye majani, ndilo lililotukinga na upepo na mawimbi. Tangu ziwa lilipopanda sana mwaka 2024, tuta limekatwa, umebaki ukingo uliosimama wima, na banda la mbele liko kama hatua kumi na mbili tu kutoka hapo. Fundi anasema nijenge ukuta wa mawe na saruji. Jirani anasema nipande mivinje kama ya Dar es Salaam. Kijana wangu anasema nimwage tripu za mchanga, yaishe. Nishike lipi?

JIBU: Marahaba, mama. Na asante kwa kutaja hadi hatua zilizobaki. Wengi huandika tu kwamba "ufukwe unaliwa", nami nabaki kubahatisha.

Nikupe jibu kwanza, sababu zifuate. Ukuta usijenge. Mivinje usiipande mbele. Mchanga wa tripu usiuguse mpaka usome sehemu inayouhusu hapa chini. Banda la mbele lihamishe mwaka huu, kabla ya kusi nyingine. Halafu tuta lirudishwe kwa ua wa matete na ukoka, kazi ya misimu miwili au mitatu ambayo itakugharimu kidogo kuliko msingi wa huo ukuta.

Tuta la mchanga ni ghala la ufukwe. Mawimbi makubwa yakija huchota mchanga wa tuta na kuulaza chini ya maji, mita chache kutoka ukingoni. Pale unajikusanya kuwa fungu, na fungu hilo ndilo linalovunja mawimbi yanayofuata kabla hayajakufikia. Ziwa likitulia, mawimbi madogo huusukuma mchanga kurudi ufukweni, jua linaukausha, upepo unaupeleka juu, na majani yaliyopo yanaudaka. Kwa hiyo tuta kukatwa si ugonjwa. Ugonjwa ni pale ghala linapochotwa na lisijazwe tena, na mara nyingi anayezuia lisijazwe ni sisi wenyewe: tumefyeka majani ili wageni waone maji vizuri, tumepitisha njia katikati, tumeburuta mitumbwi juu yake, tumechota mchanga wa kujengea choo.

Ziwa Nyasa lina kalenda yake, na usipoijua utatupa hela. Maji hupanda na mvua hadi kufikia kimo cha juu kabisa karibu na Mei, kisha hushuka taratibu mpaka Novemba au Desemba. Tofauti ya kawaida ndani ya mwaka ni kama mita moja. Sasa tazama bahati mbaya ya Matema: kusi huanza kuvuma kwa nguvu Mei hiyo hiyo na huendelea hadi Agosti. Ninyi mko ncha ya kaskazini ya ziwa lenye urefu unaozidi kilomita 550, kwa hiyo wimbi la kusi likifika kwenu limetoka mbali na limeshakusanya nguvu, na linawakuta maji yakiwa juu. Mei, Juni na Julai ndiyo miezi ya kukatwa. Kuanzia Agosti maji yanarudi nyuma, ufukwe unapanuka, mchanga uliokuwa majini unabaki nje na kukauka, na upepo bado upo. Hiyo ndiyo miezi ya kujengeka. Ukianza kazi Mei kwa sababu ndipo uliposhtuka, ziwa litaibeba.

Juu ya kalenda ya mwaka kuna mabadiliko ya miaka mingi, na haya ndiyo yanayowaponza wenye viwanja. Mwaka 1915 ziwa hili lilishuka hata mto Shire, ambao ndio pekee unaotoa maji yake huko kusini Malawi, ukaacha kutiririka, na ilichukua miaka mingi mpaka urudi katika hali yake. Karibu na 1980 ziwa likapanda hadi kimo cha juu sana. Kati ya nyakati hizo mbili tofauti inapita mita 5. Nasikia huko kwenu watu wanalaumu geti la Liwonde, lililo kwenye mto huo wa Shire, kwamba Wamalawi wamefunga maji. Geti lipo kweli, lilijengwa 1965, lakini sehemu kubwa ya maji ya ziwa hili huondoka kwa kuvukizwa na jua, si kwa kupita mtoni. Mvua zikizidi misimu miwili mfululizo, hakuna geti la kulishusha kwa wiki.

Kabla hujatumia shilingi yoyote, fanya kipimo kimoja. Azima kwa fundi ule mpira wake wa maji anaosawazishia msingi. Ncha moja iwe kwenye sakafu ya banda la mbele, nyingine kwenye mti uliousimika pale maji yanapoishia, usome tofauti ya kimo. Kisha pima kwa utepe wa fundi umbali wa kutoka hapo hadi bandani. Tuseme umepata kwamba kila mita 30 za kutembea unapanda mita moja. Maana yake ziwa likipanda mita moja, ambayo ni kawaida, maji yanakuja mita 30 bila wimbi lolote. Ukiongeza wimbi la kusi, utaona mwenyewe banda lipi lina muda na lipi halina.

Ndiyo maana sina huruma na banda la mbele. Kwa hatua kumi na mbili ulizotaja, hilo limesimama mahali ambapo ziwa hupita na litapita tena. Kama ni la mbao na nyasi, libomoe kwa utaratibu na ulisimamishe upya nyuma ya mengine. Sheria nayo inasema hivyo: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ziwa na kingo za mito. Watu huichukulia kama usumbufu wa maofisa. Ukiweka hesabu ya mwinamo niliyokuonyesha sasa hivi, mita 60 hazionekani nyingi hata kidogo.

Sasa ukuta. Fundi wako hakudanganyi, anajua mawe na saruji, na ukuta atausimamisha vizuri. Shida ni kinachotokea mbele yake. Wimbi likipanda ufukwe wenye mchanga huishiwa nguvu taratibu, na maji mengine hunywewa na mchanga. Likigonga ukuta, nguvu ile inarudi chini na kuchimba mchanga ulio miguuni pa ukuta. Msimu wa kwanza utaona ufukwe mbele umeshuka. Misimu michache baadaye wageni wako hawana mahali pa kulaza taulo, maji yanagonga mawe hata siku za shwari, na msingi umeanza kuning'inia. Pande mbili ukuta unapoishia ndipo hukatwa zaidi, kwa hiyo jirani atajenga wa kwake kujiokoa, na jirani yake naye hivyo hivyo. Halafu mchanga ulio nyuma ya ukuta umefungiwa, hauwezi tena kutoka kwenda kuvunja mawimbi. Kuta zina kazi yake mahali penye bandari, barabara kuu au hospitali, pale ambapo umekubali kabisa kupoteza ufukwe ili uokoe jengo. Wewe biashara yako ni ufukwe wenyewe. Gabioni, yaani masanduku ya waya yaliyojazwa mawe, na viroba vya mchanga ni ukuta huo huo kwa bei nafuu. Viroba vikichanika vinakuachia takataka za plastiki hadi kijiji cha Ikombe.

Mivinje ni mti mzuri na jirani yako ana sababu ya kuupenda: unavumilia mchanga mkavu na unakinga upepo haraka. Ila nenda chini ya shamba lolote la mivinje uangalie. Sindano zake zimetandaza zulia kavu ambalo chini yake hakuoti kitu. Tuta linajengwa na mimea mifupi inayotambaa, inayofukiwa na mchanga ikachipua tena juu, ikafukiwa tena. Mti hauwezi kazi hiyo. Mawimbi yakifika, yanachimba chini ya mizizi, mti unaanguka na kung'oa donge kubwa la tuta. Ukitaka kivuli na kinga ya upepo, panda nyuma ya mabanda, na kwa Kyela ningechagua mikindu na miembe kabla ya mivinje.

Kuna upande mwingine wa kupanda ambao hausemwi sana: mchanga unaweza kufungwa mno. Huko St Francis Bay, Afrika Kusini, kulikuwa na uwanja mpana wa mchanga uliokuwa ukihama kwa upepo kutoka upande mmoja wa rasi hadi mwingine. Waliokuwa wanajenga nyumba wakauona ni kero, wakaupanda mimea ukatulia, nyumba zikajengwa juu yake. Ufukwe wa upande wa pili, ambao ulikuwa unalishwa na mchanga huo, ukaanza kupungua, na wakazi wamehangaika nao miaka mingi. Kwa hiyo lengo lako lisiwe kuugandisha mchanga wote. Lidake tuta tu, ufukwe ulio mbele yake uache wazi ucheze.

Nije kwa kijana wako na tripu zake. Wazo lenyewe si baya. Waholanzi mwaka 2011 walimwaga mita za ujazo milioni 21.5 za mchanga karibu na Den Haag, wakaacha mawimbi na upepo viusambaze wenyewe kwenye fukwe. Lakini wao waliutoa chini ya bahari, mbali na ufukwe. Kijana wako atautoa wapi? Akiutoa kwenye mdomo wa Lufilyo au Mbaka, anaiba kwenye mkono unaowalisha. Mito hiyo ndiyo inayoleta mchanga mpya kutoka milima ya Livingstone na miteremko ya Rungwe, na ziwa ndilo linaloutembeza kando ya ufukwe hadi kwenu. Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, wataalamu wamekuwa wakitaja kwa miaka uchimbaji wa mchanga kwenye vijito kama Tegeta na Mbezi kuwa moja ya sababu za ufukwe kuliwa, na mahoteli yalilipa gharama hiyo. Akiutoa bondeni kwenye majaruba ya mpunga, utakuwa na udongo laini ndani yake. Mvua za Kyela zitaugeuza tope kabla hata upepo haujaugusa.

Na mpige hesabu pamoja naye, ili aone uzito wa kuchota. Tuta la kimo cha mita moja, lenye kitako cha mita 4, kwa urefu wa mita 20, lina kama mita 40 za ujazo. Tipa ya tani saba hubeba kama mita 4. Tripu kumi, kazi ya siku moja au mbili, zinamaliza tuta ambalo upepo umelijenga kwa miaka. Hapo ndipo pa kuanzia na serikali ya kijiji: mchanga usichotwe ufukweni wala midomoni mwa mito. Mchanga ni madini ya ujenzi, una leseni zake. Zungumza na mtendaji wa kijiji, afisa mazingira wa halmashauri, na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa. NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, nao wana ofisi ya kanda Mbeya. Peke yako huwezi, kwa sababu ufukwe haujui mipaka ya viwanja.

Sasa kazi yenyewe.

Ukingo ule uliosimama wima usiuchonge wala usiusawazishe kwa trekta. Utajilaza wenyewe ukikauka. Kufyeka kusitishwe kabisa, hata kama majani yaliyobaki yanaonekana ovyo. Ng'ombe wasipite.

Agosti au mwanzoni mwa Septemba, maji yakishaanza kurudi, simamisha ua wa matete. Usisuke mkeka uliobana. Ua mzuri wa kudaka mchanga unaacha nafasi kama nusu: tete moja, upenyo wa upana huo huo, tete lingine. Ua uliobana hufanya upepo uzunguke kwa nguvu na kuchimba chini yake. Ua wenye matundu unaupunguza kasi, na mchanga, ambao huanza kurushwa upepo ukifika kama kilomita 20 kwa saa, unadondoka pale pale. Kimo kiwe kama mita moja juu ya mchanga, na fito zizame chini angalau nusu mita. Mstari ukae pale kilipokuwa kitako cha tuta la zamani, nyuma ya alama ya juu ya maji ya Mei, ukiufuata ufukwe. Ukiuweka karibu na maji kwa tamaa ya kujiongezea kiwanja, Mei ijayo utakuwa kuni.

Ua ukishajaa mchanga hadi karibu juu, usiung'oe. Simamisha mwingine juu ya ule uliofukiwa. Matete yaliyo chini yataoza humo humo bila madhara, na ndiyo sababu sitaki neti za plastiki wala mabati.

Kupanda kusubiri mvua. Mara zikikolea, Novemba hadi Desemba, chukua ukoka unaoota huko huko Matema juu ya mchanga, si ule wa bustani ya mjini. Kata vikonyo vyenye vifundo vitatu au vinne, zika viwili au vitatu kwa kina cha sentimita 10 hadi 15, pale unapokuta mchanga una unyevu, ukiacha kama sentimita 40 kati ya shimo na shimo. Usipange mistari iliyonyooka kuelekea ziwani. Mstari unaoelekea ziwani ni mfereji wa upepo. Panda kwa kupishana. Tandaza majani makavu ya matete juu yake kwa mwezi wa kwanza. Mbolea ya chumvichumvi achana nayo, itapendelea magugu, na nyingine itaishia ziwani.

Hapa ninyi wa ziwani mna nafuu ambayo wenzenu wa pwani hawana: hakuna chumvi. Mimea mingi inayokufa Kunduchi kwako itaishi. Matete, kwa mfano, yanastahimili kufukiwa na mchanga na pia kukaa ndani ya maji kwa miezi, na hupunguza nguvu ya wimbi vizuri sana. Lakini usiyapande mbele ya mahali wageni wanapoogelea. Konokono wa kichocho hupenda maji yaliyotulia yenye majani, na karibu na midomo ya mito kuna habari ya mamba ambayo sihitaji kuwaeleza watu wa Kyela. Yapande pembeni, upande wa kiwanja usiotumika. Majani ya vetiva, ambayo siku hizi kila mradi unayapigia debe, yawekwe kwenye mteremko wa njia yako na kingo za mfereji wa maji ya mvua. Mbele ya tuta yanasimama kwa mashina magumu yasiyotambaa.

Halafu jifunze kuusoma mchanga. Asubuhi baada ya usiku wa mawimbi, tembea ufukweni uangalie rangi. Ukiona michirizi myeusi, mizito, shika kidogo, kaushe, pitisha sumaku ya spika mbovu. Punje nyingi zitarukia sumaku. Hizo ni punje nzito za chuma kutoka miamba ya milimani. Wimbi limechukua mchanga mweupe ulio mwepesi, zenyewe zimebaki. Mchirizi mwembamba si kitu. Ukikuta tabaka jeusi la unene wa kidole, na siku zinapita bila kufunikwa na mchanga mweupe, sehemu hiyo inapoteza kuliko inavyopata. Angalia pia gogo lolote lililolala ufukweni kukatisha: upande uliojaa mchanga ndiko mchanga unakotokea, upande uliochimbika ndiko unakoelekea. Ukijua hilo utajua ni kiwanja cha nani kinachokulisha, na cha nani unakilisha wewe.

Piga picha kila mwezi kutoka kona ile ile ya banda la nyuma, mchoraji awe ni ziwa, wewe uwe mtunza kumbukumbu. Miaka miwili ya picha hizo itakusaidia zaidi ya maneno yangu, na ukienda halmashauri utakuwa na kitu mkononi.

Wageni nao watalikanyaga tuta, hilo usipigane nalo kwa vibao vya "usipite". Watu hupita pafupi. Wape njia moja tu iliyo nzuri kuliko nyingine zote, na mitumbwi ya wavuvi ipewe mahali pake pa kuvutwa nje, mwisho wa kiwanja, kwa makubaliano na wavuvi wenyewe, si kwa amri. Njia ya wageni isinyooke kuelekea ziwani; ikate tuta kwa mshazari, la sivyo upepo wa kusi utaifanya korongo msimu mmoja. Na hapa ndipo fundi wako anapopata kazi yake: mwambie asahau mawe, akutengenezee ngazi ya mbao yenye miguu, iliyoinuliwa kama nusu mita juu ya mchanga ili ukoka upite chini yake, kwa vipande vinavyofunguka kwa bolti. Kila mwishoni mwa Aprili, kabla kusi haijaanza, kipande cha mbele kifunguliwe na kuwekwa stoo.